Bastola moja, kazi mbili: jinsi ya kuchagua ya kubeba mwilini na kulinda nyumba

Anayetaka bastola moja tu, ya kutembea nayo mchana na kumlinda usiku, ana mahitaji mawili yanayovutana. Kiunoni inatakiwa iwe nyembamba, nyepesi na isiyoonekana. Chumbani inatakiwa iwe na mpini unaojaza kiganja, risasi za kutosha na mahali pa kufunga tochi. Ukifuata hitaji la kwanza peke yake utaondoka dukani na kibastola kinachoumiza mkono, ambacho baada ya magazini mbili (magazini ni kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) hutaki tena kukipiga. Ukifuata la pili utanunua dude ambalo wiki ya kwanza linatembea nawe na wiki ya pili linabaki kwenye sefu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kati ya mahitaji hayo mawili, la kubeba ndilo linaloamua. Bastola ya kubeba inaweza kulinda nyumba vizuri tu, lakini bastola kubwa ya nyumbani haigeuki kuwa ya kubeba kwa sababu umetamani iwe hivyo. Kwa hiyo tafuta kwanza zile unazoweza kuzificha siku nzima bila kero, kisha ndani ya kundi hilo chukua iliyo kubwa kuliko wenzake. Kwa watu wazima wengi jibu huangukia bastola ya magazini yenye kaliba (upana wa risasi) ya milimita 9, mtutu wa milimita 85 hadi 105 hivi, risasi 10 hadi 15. Jinsi ya kufika hapo, na wakati gani wa kuachana na jibu hilo, ndiyo kazi ya mwongozo huu.

Kwa nini moja, hata kwa mwenye uwezo wa kununua mbili? Kwa sababu ya mkono. Mkono huzoea uzito mmoja wa triga, mwinamo mmoja wa mpini, kitufe kimoja cha kuachia magazini. Mtu aliyeamshwa saa nane usiku na kishindo cha mlango hana muda wa kukumbuka kama hii ndiyo yenye sefti (kidude cha kuizuia isipige) ya kusukuma chini au ni ile isiyo na sefti. Na pesa ambayo ingenunua bastola ya pili ina kazi nyingine: risasi za mazoezi, mwalimu, holsta (ala ya kubebea bastola mwilini), kisanduku cha kufuli.

Hatua ya 1: Anza na sheria, kisha tazama nani analala nyumbani

Usiingie dukani kabla ya kusoma sheria ya mahali unapoishi. Sehemu nyingi kibali cha kumiliki ni kimoja na kibali cha kubeba ni kingine, na sehemu nyingine kubeba kwa raia hakuruhusiwi kabisa. Kuna mahali ambapo magazini haziruhusiwi kuzidi risasi 10, mahali ambapo risasi zinazopanuka zimekatazwa, na mahali ambapo sheria inataka sefu iliyofungwa ukutani. Mambo hayo matatu peke yake yanaweza kufuta nusu ya orodha yako. Soma pia sheria inasema nini kuhusu kujihami: lini unaruhusiwa kutumia nguvu za kuua, na kama unalazimika kwanza kukimbia pale inapowezekana.

Kisha swali ambalo wauzaji hawaulizi. Nyumbani kuna nani? Watoto wadogo, kijana anayepitia kipindi kigumu, mtu mwenye sonona, mlevi, ndoa yenye ngumi? Bunduki ndani ya nyumba huongeza uwezekano wa mtu wa nyumba hiyo kufa kwa kujiua, kwa sababu jaribio la kujiua kwa risasi ni nadra kuacha nafasi ya kujuta. Kama mmoja wa watu hao yupo kwako sasa, nunua kwanza milango imara, taa za nje na king'ora. Bastola itasubiri.

Hatua ya 2: Maliza suala la kaliba mapema, lisikupotezee muda

Ubishi wa kaliba ni mtamu na hauishi, lakini kwa bastola ya kujihami umepoa sana. Historia yake ni fupi. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, maafisa wa FBI, yaani polisi wa upelelezi wa serikali kuu, walipambana na majambazi wawili wa benki. Risasi moja ya milimita 9 ilimpata mmoja wao mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni. Jambazi yule aliendelea kupigana, na maafisa wawili wakauawa. FBI wakaweka kipimo: risasi iingie kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46, ndani ya jeli maalumu inayoiga nyama ya mwili. Wakahamia kwenye milimita 10, kisha kaliba ya .40 (inchi 0.40) Smith & Wesson iliyotoka mwaka 1990. Miaka ilivyokwenda, risasi za milimita 9 zikaboreshwa hadi zikawa zinafaulu kipimo kilekile, na katikati ya miaka ya 2010 FBI wenyewe wakarudi kwenye milimita 9.

Sababu zao zinakuhusu wewe pia. Milimita 9 hupiga teke dogo, hivyo risasi ya pili hufuata haraka na kutua karibu na ya kwanza. Magazini ya ukubwa uleule hubeba nyingi zaidi. Ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu kuliko wakubwa zake, maana yake utafanya mazoezi mengi.

Wa kuachana na milimita 9 ni yule ambaye mkono wake haumudu: mwenye baridi yabisi ya viungo, aliyeumia kiganja, mzee ambaye nguvu zimepungua. Kwake .380, risasi fupi na yenye nguvu ndogo kuliko milimita 9, kwenye bastola yenye slaidi laini (slaidi ni kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma) ni chaguo la heshima. Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ ya mwaka 2018 ilitengenezwa kwa ajili ya watu hao hasa: slaidi yake inavutwa kwa nguvu kidogo, na magazini ina kishikio cha pembeni kinachosaidia kujaza risasi. Ila chagua risasi zake kwa uangalifu, kwa sababu .380 nyingi zikipanuka haziendi ndani ya kutosha. Chini ya hapo sishauri.

Hatua ya 3: Revolva au bastola ya magazini?

Revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ikiwa ndogo ya risasi 5, mfano wa Smith & Wesson 642, ina sifa zake. Ina uzito wa gramu 400 na kitu hivi, haina sefti ya kusahau, na inaweza kukaa mfukoni ndani ya holsta ya mfukoni bila mtu kujua. Risasi isipolipuka, unavuta triga tena na nyingine inakuja. Ikibanwa na mwili wakati wa mvutano haikwami kama ambavyo bastola ya magazini inaweza kukwama slaidi ikisukumwa nyuma kidogo.

Lakini triga yake inataka nguvu ya kilo 5 au zaidi, mwendo ni mrefu, mtutu haufiki sentimita 5 na vilengeo ni kama chale tu juu ya chuma. Mtu anayeanza akisimama mita 7 na revolva ya namna hii hushangaa risasi zinakokwenda. Wauzaji wengi wana tabia ya kumpa mwanamke anayenunua mara ya kwanza kibunduki kama hiki kwa kuwa ni kidogo na chepesi. Hapo ndipo kosa lilipo: kadiri bastola inavyokuwa nyepesi, ndivyo teke lote linavyoishia kwenye kiganja. Revolva nyepesi ni silaha ya mpigaji mzoefu. Kwa bastola moja ya kazi zote mbili, chukua ya magazini.

Ndani ya za magazini kuna makundi matatu ambayo inafaa uyajue kwa majina. Kuna ndogo sana, kama SIG Sauer P365 iliyotoka mwaka 2018 na kugeuza soko kwa kuweka risasi 10 ndani ya umbo ambalo zamani lilibeba 6 au 7. Kuna nyembamba zenye mpini mrefu kidogo, kama Glock 43X na Glock 48 za mwaka 2019, au P365 XL yenye risasi 12. Na kuna za kati, ambazo Glock 19 ya mwaka 1988 ndiyo kipimo chao hadi leo: mtutu wa milimita 102, risasi 15, uzito wa gramu 600 na kitu ikiwa tupu. Majina haya nayataja kama vipimo vya kulinganishia. Viwanda vingine vinavyoheshimika vina zao za ukubwa huohuo, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya mkono wako na wangu.

Hatua ya 4: Ishike, uivute, uifungue

Hapa usiwe na haraka. Dukani, kabla hujashika chochote, mwombe muuzaji akuonyeshe kuwa iko tupu, kisha uhakikishe mwenyewe: toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi nyuma, utazame ndani ya chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) na kuipapasa kwa ncha ya kidole kidogo. Mpangilio huo una maana. Anayevuta slaidi kwanza halafu akatoa magazini ameitoa risasi moja na kuingiza nyingine, na sasa ameshika bastola iliyokokiwa akiamini ni tupu. Ajali nyingi za "nilidhani haina risasi" zimepitia mlango huo.

Ukishahakikisha, shika mpini juu kabisa, sehemu nyama ya kati ya dole gumba na shahada inapogusana na kichwa cha mpini. Mtutu unyooke na mfupa wa mkono wako. Sasa, ukiwa umeielekeza mahali salama, laza kidole cha shahada juu ya triga. Nyama ya ncha ya kidole iikalie triga katikati bila wewe kuzungusha mpini kiganjani ili kuifikia. Ukilazimika kuzungusha, bastola ni kubwa kwako. Kidole kikipita hadi kiungo cha kwanza, ni ndogo au mpini ni mwembamba mno. Bastola nyingi za sasa huja na migongo ya mpini ya kubadilisha, hivyo omba ujaribu yote kabla ya kukataa.

Tazama kidole chako cha mwisho. Kwenye zile ndogo sana huwa kinaning'inia hewani chini ya magazini, na kidole hicho kina nguvu kuliko unavyofikiri linapokuja suala la kuzuia mtutu usiruke. Magazini yenye kitako kirefu hutatua tatizo, lakini basi umerudisha urefu uliokuwa unaukimbia.

Kisha vuta slaidi. Wanaosema hawawezi, wengi wanatumia vidole viwili kama wanavyovuta mpira wa manati. Ishike kwa kiganja kizima kutoka juu, bana bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele mahali salama, na usukume mpini mbele kwa mkono mwingine huku slaidi ikibaki nyuma. Ukijaribu hivyo mara kumi na bado inakushinda, achana na bastola hiyo. Usiku wa hofu haitakuwa laini zaidi. Bonyeza kitufe cha kuachia magazini kwa dole gumba uone kama unakifikia. Kama unatumia mkono wa kushoto, uliza kama kitufe kinahamishika. Funga slaidi nyuma, iachie. Yote haya yanapaswa kufanyika bila kukunja uso.

Kuhusu sefti ya mkono, nipo tayari kubishana na yeyote: si lazima, na wala si aibu. Bastola nyingi za kisasa zina kinga za ndani zinazozuia risasi kutoka bila triga kuvutwa. Mtu akitaka sefti ya nje na achukue, mradi kila akiichomoa kwenye mazoezi aisukume chini bila kufikiri. Asiyekuwa tayari kwa mazoezi hayo aichukue isiyo nayo, na awe mkali zaidi kwenye suala la holsta.

Hatua ya 5: Kinachoonekana ni mpini

Watu hupima uwezekano wa kuficha kwa kutazama mtutu. Mtutu umo ndani ya suruali, hauonwi na mtu. Kinachochomoza chini ya shati ni ncha ya chini ya mpini, hasa unapoinama. Kwa hiyo bastola yenye mtutu mrefu kidogo na mpini mfupi hufichika vizuri kuliko kinyume chake, na mtutu huo mrefu hata husaidia: unakandamizwa na paja na kuulaza mpini karibu na tumbo. Unene nao unahesabika. Milimita chache kati ya bastola nyembamba na nene hutazizingatia ukiisoma karatasi, lakini ukikaa kwenye kiti cha gari kwa saa tatu utazijua moja moja.

Ukiweza kuazima au kupata mfano wa plastiki wa umbo lilelile, jaribu kuivaa nyumbani siku chache. Ukitumia bastola yenyewe, iwe tupu, risasi ziwe chumba kingine. Kaa, inuka, funga kamba za viatu, fikia rafu ya juu, beba mtoto, endesha gari. Mwombe mwenzako akutazame kwa nyuma unapoinama. Mwili mwembamba kwa kawaida huishia kwenye kundi la nyembamba. Mwenye kiuno kipana au anayevaa koti kazini anaweza kubeba ya kati bila shida. Baridi na joto vinabadilisha mavazi, basi pima kwa nguo nyepesi unazovaa wakati wa joto. Ikifichika hapo, itafichika mwaka mzima.

Hatua ya 6: Ipige kabla hujailipia

Viwanja vingi vya shabaha hukodisha. Punguza orodha yako ibaki na mbili au tatu, uzipige siku moja, ukiwa na kinga ya masikio na miwani. Kama hujawahi kupiga, lipia somo na mwalimu kwanza, maana bila hivyo unachopima ni woga wako.

Kipimo changu ni karatasi ya kawaida ya A4 kwa mita 7. Piga 5 taratibu. Kisha ishushe, inua, na upige 5 kwa mwendo wa risasi moja kila sekunde. Zote ziwe ndani ya karatasi. Usiangalie bastola iliyotoa kundi zuri zaidi ulipopiga taratibu, kwa sababu karibu zote zitafanya vizuri. Tazama ile ambayo kundi la haraka halikusambaa, na tazama mkono wako baada ya risasi 50: kama bado unataka kuendelea, hiyo inakufaa. Hapa ndipo zile ndogo sana hupoteza kura nyingi. Ni bastola nzuri za kubeba, ila zinadai mazoezi mengi huku zikiyafanya yasipendeze.

Vilengeo vya nukta nyekundu ni vizuri, hasa kwa macho yaliyopita miaka 45 ambayo hayaoni tena kilengeo cha mbele sawasawa. Ila vina betri, gharama, na vinahitaji mazoezi ya kuitafuta nukta. Nunua bastola ambayo slaidi yake imekatwa tayari kuvipokea, na uamue baadaye.

Hatua ya 7: Holsta si kifaa cha ziada

Nimeona watu wanaonunua bastola ya bei kubwa na holsta ya kitambaa iliyolegea, na kwa maoni yangu ni heri wangefanya kinyume. Holsta inatakiwa itengenezwe kwa ajili ya bastola yako hasa, na iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa joto au ngozi nene yenye mdomo usiojikunja. Ifunike triga yote pande zote mbili kiasi kwamba hata ukibonyeza kwa nje hakuna kinachoifikia. Ishike bastola hata ukiigeuza kichwa chini. Na mdomo wake ubaki wazi ikiwa tupu, ili urudishe kwa mkono mmoja.

Wakati wa hatari zaidi wa kubeba ni ule wa kurudisha bastola kwenye holsta. Mtu amemaliza zoezi, akili imehamia kwingine, anaisukuma ndani bila kutazama. Ncha ya shati imeingia pamoja nayo, au kile kifungo cha plastiki mwishoni mwa kamba ya jaketi, kikajipenyeza ndani ya kikingo cha triga. Anasikia ugumu, anaongeza nguvu. Dawa yake ni ya polepole: inua nguo juu kabisa kwa mkono wa pili, kidole cha shahada kimenyooka ubavuni mwa bastola, tazama mdomo wa holsta, ingiza taratibu. Ukisikia ukinzani wowote, simama na uitoe. Hakuna anayepewa zawadi kwa kurudisha haraka. Ukiweza, vaa holsta ikiwa na bastola tayari ndani yake.

Mkanda uwe mgumu, uliotengenezwa kubeba uzito. Mkoba wa begani unaonekana rahisi, lakini mkoba huachwa kitini, huporwa, na mtoto huufungua akitafuta peremende. Ukilazimika, uwe na sehemu maalumu yenye holsta ndani, na usikutoke mwilini. Mfukoni vilevile: holsta ya mfukoni, na mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu.

Hatua ya 8: Igeuze kuwa bastola ya nyumba kila usiku

Ukirudi nyumbani, bastola ina mahali pawili tu: mwilini mwako au ndani ya kufuli. Chini ya mto si mahali, juu ya kabati si mahali. Watoto hupajua pote unapodhani hawapajui. Nunua kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba au funguo ya haraka, kifungwe kwa skrubu kwenye kitanda au kwa waya wa chuma kwenye kitu kizito, na ujizoeze kukifungua gizani hadi vidole vijue njia. Badilisha betri zake kwa tarehe maalumu na uweke funguo ya dharura mbali na watoto. Bastola iingie humo ikiwa bado ndani ya holsta yake, ili usiku usishike triga kwa kupapasa.

Tochi ya mkononi ni lazima. Tochi ya kufungwa chini ya mtutu ni nzuri lakini ina masharti: holsta lazima iwe ya bastola pamoja na tochi hiyo, na usiitumie kutafuta kilichoanguka jikoni, kwa sababu kila unachokimulika unakielekezea mtutu. Tambua kabla ya yote. Watu wamewapiga risasi watoto wao waliorudi kimyakimya usiku. Ita jina, mulika, ona uso.

Fikiria kuta. Risasi ya milimita 9 hupita kuta nyepesi za mbao na jasi, hata zile zinazopanuka, na huenda chumba cha pili na cha tatu. Simama mchana mlangoni mwa chumba chako na uangalie: ukipiga kuelekea korido, nyuma ya ukuta ule kuna kitanda cha nani? Mara nyingi kusogea hatua mbili pembeni kunabadilisha mwelekeo wote. Na mpango wenyewe uwe wa kukaa: kusanya familia chumba kimoja, funga, piga simu polisi na usikate, paza sauti kwamba polisi wanakuja na kwamba una silaha. Kutembea nyumba nzima ukimtafuta mwizi ni kazi ngumu hata kwa askari watatu waliofunzwa. Televisheni achia. Polisi wakifika, bastola isiwe mkononi mwako.

Weka na kinga ya masikio juu ya kisanduku kama una nafasi. Mlio wa bastola ndani ya chumba hufika desibeli 160 hivi, na kelele ya ghafla ya desibeli 140 tayari inatosha kuharibu usikivu.

Hatua ya 9: Ithibitishe kabla ya kuiamini

Bastola mpya si ya kuaminiwa kwa sababu ya jina lililochongwa ubavuni. Isafishe, itie mafuta kidogo, upige risasi 200 za kawaida za mazoezi na angalau 50 za zile utakazobeba, kupitia kila magazini uliyonayo. Weka namba kwenye magazini kwa wino usiofutika. Risasi ikikwama utajua kama tatizo ni la bastola au la magazini namba 2, na magazini mbovu ndiyo mshitakiwa wa kawaida. Magazini inayorudia kosa iwe ya mazoezi tu, au itupe.

Pale sheria inaporuhusu, beba risasi zenye tundu kwenye ncha, kwa sababu hupanuka na kupunguza uwezekano wa kutoka upande wa pili na kumpata mwingine. Uzito wa ncha wa gramu 8 au 9.5 kutoka kiwanda kinachojulikana unatosha. Usihangaike na majina ya kutisha kwenye kasha. Hakikisha tu zinaingia kwenye chemba ya bastola yako bila kusita, na zinagonga pale unapolenga.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau. Anayetoa risasi ya kwenye chemba kila jioni na kuirudisha ileile kila asubuhi anaigongesha kichwa kila mara slaidi inapoisukuma ndani. Pole pole ile ncha huzama kwenye ganda lake, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo ikilipuka hupanda kupita kiasi. Chukua risasi hiyo, isimamishe mezani kando ya mpya ya kasha lilelile, shusha macho usawa wa meza. Ikiwa fupi hata kwa unene wa ukucha, haifai tena kupigwa. Ipeleke kwa fundi wa silaha au uwanja wa shabaha wakakuondolee. Na ili isifike huko, iache bastola na risasi zake ndani ya holsta, uhamishe holsta nzima kutoka kiunoni kwenda kwenye kisanduku. Risasi za kubeba zipige uwanjani mara moja kwa mwaka ununue mpya, na siku hiyohiyo ufumue magazini zote, ufute vumbi la nguo lililojikusanya ndani, maana bastola ya kiunoni hula nyuzi za shati kuliko unavyodhani.